Mzee Rutashobya na Mawe ya Msingi ya Nyakabanga

Baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi, Mzee Jovinary Rutashobya anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Idara ya utumishi imeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu la wafanyakazi, na imenisisitizia niandike mazuri tu. Nitajitahidi.

Alijiunga na kampuni ilipokuwa bado inauza jenereta kwenye duka moja mjini Mwanza, na alikuwa muuzaji hodari. Inasemekana aliwahi kumuuzia mfugaji mmoja wa Misungwi jenereta ilhali yule bwana hakuwa na hata taa moja ya kuwasha, na akaondoka anashukuru. Kipaji hicho hakikumtoka. Kiswahili chake kimenyooka, suti zake zimenyooka zaidi, na sisi watani wake Wasukuma tumechoka kumwita nshomile, yaani Mhaya anayeringia usomi, kwa sababu huwa anaitika.

Kampuni ilipoingia kwenye umeme wa jua na kutandaza paneli zinazoelea ziwani, makubaliano yalikuwa wazi: sehemu ya mapato irudi kwa vijiji vya mwambao vilivyoachia maji yao. Mzee Rutashobya akapewa cheo cha Mratibu wa Mgao wa Mwambao. Kijiji cha Nyakabanga, ambacho ndicho kimepakana na paneli, hakikusumbua. Kiliomba zahanati. Wajawazito wake huvushwa kwa mtumbwi hadi ng'ambo, na tangu tuweke paneli mitumbwi inalazimika kuzunguka uzio wa maboya. Safari imekuwa ndefu zaidi kwa sababu yetu.

Mzee wetu hakuchelewa. Mwaka wa kwanza tu jiwe la msingi la zahanati likawekwa. Mgeni rasmi alikuja na msafara, matarumbeta yakapigwa, wali na kuku vikaliwa, fulana zenye nembo yetu zikagawiwa. Gharama zote, kwa utaratibu alioutunga mwenyewe, zilitoka kwenye mgao wa kijiji, kwa kuwa sherehe ilikuwa ya kijiji. Kilichobaki kilitosha kununua mchanga.

Ujuzi wake ulionekana mwaka uliofuata. Mgeni rasmi safari hii alikuwa mwingine, mkubwa kuliko wa kwanza, na kwa itifaki ya Mzee Rutashobya, mkubwa hawezi kuitwa kuja kutazama jiwe lenye jina la mdogo wake. Likachongwa jiwe jipya, na sherehe ikaanza upya. Mwaka wa tatu vilevile. Leo Nyakabanga ina mawe sita ya msingi, yote ya marumaru, kwenye kiwanja kimoja, na mtu asiyejua hudhani ni makaburi ya watu wenye uwezo. Mbuzi wanayapenda sana.

Wanaosema alikula hela za kijiji wanamwonea. Hakula. Alizisherehekea tu.

Katika kazi yote hiyo, mtu mmoja tu alimtia jasho. Naye ni Bi. Bernadeta Luhaga, mkunga wa kijiji, anayewavusha wajawazito kwa mtumbwi wake. Kwenye sherehe ya tano alinyoosha mkono hadi akapewa kipaza sauti.

"Shikamoo mzee," alisema. "Mawe tumeyapokea, tunashukuru. Sasa nesi atakaa juu ya lipi?"

Watu walicheka mpaka mgeni rasmi naye akacheka. Mzee Rutashobya aliitikia marahaba, akasema swali ni zuri na litafanyiwa kazi, kisha akaomba matarumbeta.

Sherehe ya sita ilikuwa mwaka jana. Boti ya kampuni, yenye injini nzuri, ilikuwa imefungwa gatini ikimsubiri mgeni rasmi. Asubuhi hiyo Hellen, binti yake Bernadeta, alishikwa na uchungu, na mama yake akaja kuiomba ile boti. Mzee Rutashobya alimjibu kwa upole wote kwamba boti imeshapambwa. Hellen alijifungulia ndani ya mtumbwi, pembeni ya maboya yetu, huku matarumbeta yakisikika kutoka ufukweni. Mama na mtoto wako salama, na wa kushukuriwa ni Bernadeta, si sisi. Mimi nilikuwepo, nikigawa fulana. Nilikasirika, na mpaka leo hasira haijanitoka.

Sasa habari njema. Katika safari zake za kukagua mawe, Mzee Rutashobya aliipenda mandhari ya Nyakabanga, akanunua kiwanja, akajenga. Kwao Kagera, anasema, migomba inawatosha ndugu zake. Nyumba ni nzuri, baraza linatazama ziwa. Daktari wake wa mjini amemwagiza asikose kupima presha. Kwa hiyo kuanzia mwezi ujao mzee wetu ni mwananchi wa mwambao, mnufaika halali wa mgao, na akijisikia vibaya atapanda mtumbwi wa Bernadeta kama wenzake na kuzunguka maboya.

Kama ilivyo desturi yetu, wafanyakazi tulichanga tumnunulie mstaafu mabati na saruji. Yeye aliomba mabati ya bluu, kwa ajili ya banda la gari. Tumenunua ya bluu kama alivyotaka, ila tumeyapeleka kwa Bernadeta. Anayepokea kiti chake, Bi. Gladness Shigela, ameamua mgao wa mwaka huu uende moja kwa moja kwa mafundi, bila hema wala pilau. Akina mama wa Nyakabanga walianza kuchimba msingi Jumatatu iliyopita. Hawakumwalika mtu.

Asante kwa miaka yote, Mzee Rutashobya. Zawadi yako utaiona vizuri ukiwa umekaa barazani, itakuwa juu ya chumba cha kujifungulia. Tunakutakia uzee wenye afya, na kama ni lazima uugue, tafadhali uwasubiri mafundi wamalize kuezeka.

Teodora Mashimba
Kitengo cha Habari