Ufunguo wa Tano wa Doña Eulogia

Majirani, marafiki, na ninyi watatu mnaotusikiliza kwa simu kutoka mbali, haya ndiyo maisha ya Doña Eulogia Morán, mjane wa Fereira, yaliyoandikwa na mjukuu wa jirani yake Bertilda Soto, nyumbani kwa Bertilda, kwa ombi la watoto wa marehemu ambao hawakuweza kufika.

Doña Eulogia alizaliwa tarehe 11 Desemba 1948 mjini Cabimas, ng'ambo ya ziwa, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Críspulo Morán na Hermelinda Bravo, akaanza shule huko huko mwaka 1955, akafika darasa la nne, akaachishwa mwaka 1959 ili alee wadogo zake, jambo ambalo hakulilalamikia, ila kila alipomwona msichana amekaa nyumbani saa za masomo alimuuliza kwa ukali, "Na wewe, nani anaumwa kwenu?"

Mwaka 1965 alihamia hapa Maracaibo akajifunza ushonaji, na kwa zaidi ya miaka hamsini alishona sare za shule, kiasi kwamba wengi mlioko hapa mmewahi kuvaa kola aliyoipindua kwa mkono wake. Tarehe 22 Novemba 1969 alifunga ndoa na Aníbal Fereira, mwendesha winchi bandarini, wakajaliwa Nerio, Magalis na Doris, wakaishi katika nyumba hii ya bluu, ambayo mlango wake ulikuwa wa mbao wenye ndoano tu, na kila saa kumi na moja jioni alitoa kiti chake nje, Bertilda wa nyumba ya mbele akavuka na chake, wakanywa kahawa na kusengenya mtaa mzima.

Aníbal alifariki mwaka 2009, Nerio akaenda Chile Machi 2016, Magalis akaenda Lima mwaka uliofuata, na Doris alipoondoka kwenda Uhispania Januari 2018 alimsihi mama yake aweke kitasa cha maana, kwa kuwa sasa anabaki peke yake. Doña Eulogia alimwita fundi wa kwanza aliyepita akijinadi barabarani, mtu mcheshi, ambaye alifunga kitasa kipya wakati yeye yuko jikoni anamtengenezea kahawa, akamkabidhi funguo nne, naye mmoja akaupeleka kwa Bertilda. Tarehe 9 Septemba 2018, yeye akiwa kwenye misa, mtu aliingia bila kuvunja chochote, akachukua cherehani na redio ya Aníbal, akafunga mlango vizuri alipotoka, na kwa kuwa ufunguo uliokuwa nje ya nyumba ulikuwa mmoja tu, Doña Eulogia alivuka barabara akasema mbele za watu, "Lete ufunguo wangu, na kiti chako usikilete tena kwangu."

Safari hii hakuwa na haraka, alizunguka wiki tatu akiuliza, si fundi gani hodari, bali fundi gani amewahi kukataa kazi, mpaka akasikia habari za Nectario Pirela, aliyekataa kumfungulia mwanamume nyumba kwa sababu mke, mwenye nyumba, hakuwepo. Nectario alikuja tarehe 4 Oktoba, akamtaka akae pale pale asiondoke hata kwa kahawa, akabandika bati la chuma mlangoni, akafunga kitasa kingine kipya, akazamisha skrubu ndefu mpaka ukutani, akatoboa tundu la kuchungulia, kisha akampa pakiti ya funguo aipasue mwenyewe na kuhesabu. Zilikuwa tano. Fundi akageuza kile kitasa cha zamani mkononi, akauliza alipewa ngapi, na aliposikia ni nne akasema, "Hiki nacho hutoka na tano, mama. Wa tano alibaki nao yule aliyekifunga."

Doña Eulogia akazihesabu tena zile tano. Nectario akamuuliza, "Na huu wa tano wa leo utampa nani?" akajibu, "Sina mtu." Fundi akakusanya vifaa vyake akasema, "Basi omba usianguke humo ndani, maana mlango huu hata mimi utanichukua nusu siku."

Kwa miaka minne na nusu hakupata ujasiri wa kuomba msamaha, kiti chake akakiweka ndani, nyuma ya mlango, na kila saa kumi na moja alichungulia kwenye tundu akimwona Bertilda amekaa peke yake ng'ambo, nywele zikizidi kuwa nyeupe. Aprili 2023 mzee Olinto wa mtaa wa nyuma alikutwa amefariki nyuma ya geti lake, siku ya nne tangu aonekane mara ya mwisho, na Nectario aliyeitwa kulifungua alipita hapa jioni, akagonga, akasema kupitia tundu, "Doña, ule wa tano uko wapi?"

Tarehe 3 Mei 2023 alivuka barabara, akauweka mezani kwa Bertilda akasema, "Shika. Si wewe. Nilijua tangu Oktoba ile." Bertilda akamwangalia weee, kisha akasema, "Na mimi nilijua tangu Septemba, mpumbavu mkubwa wewe. Kaa, kahawa inapoa."

Tarehe 9 Februari 2024 kiti hakikutoka, na ilipofika saa kumi na moja na robo Bertilda alifungua mlango huu kwa ufunguo wa tano, akamkuta sakafuni jikoni, amepooza upande mmoja lakini yu hai, akaishi siku kumi na mbili zaidi, akasikia sauti za watoto wake wote watatu, akaaga dunia asubuhi ya tarehe 21 ameshikwa mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia licha ya uhaba wa dawa, majirani waliochota maji, washonaji wenzake walioshona nguo aliyolala nayo, na fundi Nectario, aliyeuliza mara mbili.

Kwa siku tisa za rozari mlango huu utakuwa wazi, nanyi mtaingia bila kugonga. Nerio, Magalis, Doris, siku ya kumi tutaufunga, na ufunguo mtaukuta kwa Bertilda, mwaka wowote mtakaorudi.

Pumzika kwa amani, Doña Eulogia, kiti chako tumeshakitoa nje.