Kitambaa cha Buluu Kwenye Gitaa la Barnabas Khisa

Mchungaji, wazee wetu mliosafiri kutoka mbali, majirani wa Majengo, wenzake marehemu wa kazini na wa muziki, mimi ni Kefa, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake, ingawa yeye mwenyewe angesoma vizuri zaidi, na watu wangelia pale panapostahili.

Ndugu yetu Barnabas Khisa alizaliwa tarehe 3 Agosti 1926, karibu na Kimilili, akiwa kifungua mimba wa Mzee Wanyonyi, nami nikamfuata mwaka 1928, na tangu hapo sijawahi kufika mahali popote nikakuta yeye hajafika.

Alianza masomo mwaka 1935 katika shule ya misheni ya nyumbani, akamaliza mwaka 1943 akiwa wa kwanza darasani na kiongozi wa kwaya, na nilipoingia madarasa yale yale baada yake, walimu waliniuliza jambo moja tu, kama mimi ndiye ndugu yake Barnabas, na waliponisikia nikiimba hawakuuliza tena.

Mwaka 1945 aliajiriwa kuwa karani huko Kakamega, na mwezi wa Novemba 1952, hali ya hatari ikiwa imetangazwa mwezi mmoja tu uliotangulia, alihamishiwa hapa Nyeri, wakati wenyeji wengi walipokuwa wakiondolewa kazini kwa kushukiwa kuwasaidia wapiganaji wa msituni na sisi watu wa magharibi tukiletwa kukalia viti vyao, jambo ambalo halikuwapatia wengi wetu marafiki, ila yeye aliwapata. Nilipokuja kufundisha Mukurweini mwaka 1953, nilikuta mji mzima wa Nyeri ukimjua kwa jina, na bendi yake ikipiga dansi za mchana, kwa kuwa jioni ilikuwa marufuku kutoka nje, na mpiga ngoma wake akiwa ni Wamae, huyu hapa, mwenyeji wa mlima huu, ambaye marehemu alimwombea ofisini kibali cha kutembea kabla ya kila safari, bila kuchoka na bila kujisifu, na hilo la kutojisifu ndilo lililokuwa likiniudhi.

Mwezi wa Machi 1954 alinitumia gitaa kwa basi la Mukurweini, gitaa jipya la rangi ya mti, nikafurahi kama mtoto, mpaka Jumamosi nilipofika Nyeri nikamkuta na lake, jeusi tii, likilia kwa sauti ambayo langu halijawahi kutoa mikononi mwangu.

Hapa nieleze kidogo kwa wageni. Magitaa katika mji huu yanauzwa na maduka mawili ya mtaa mmoja, la Bwana Kanubhai na la Bwana Ambalal, kila duka likiuza ya kiwanda chake, na kwa kuwa wote wawili walikuwa wakitusaidia kwa taa na soda za ukumbini, wanamuziki tulikubaliana kufunika jina la kiwanda kichwani mwa gitaa tunapopanda jukwaani, asije mmoja akadhani tunamfanyia mwenzake matangazo. Sisi wengine tulibandika plasta ya kidonda, na dansi ikiisha tulibandua, tukaonyeshana majina na kubishana lipi bora. Marehemu peke yake hakubandua, bali alikuwa na kitambaa cha buluu kilichoshonwa kikakazwa, kwenye dansi kipo, nyumbani kipo, na akiulizwa alicheka tu, nasi tukaanza kusema ati ni gitaa la Ulaya, ati ni zawadi ya mzungu fulani, na mimi ndiye niliyesema zaidi ya wote. Nilimwomba tubadilishane kwa dansi moja tu, akakataa, mtu ambaye hakuwahi kuninyima hata shati lake la kanisani. Mwaka 1956, tulipokuwa tukienda Mwea kuwapigia makarani wa mradi wa mpunga, askari wa kizuizi cha barabarani walibandua plasta zetu zote wakitafuta barua za msituni, wakafungua na kitambaa chake, naye akageuka akanipa mgongo ili nisione, na yule askari alipotazama kilichokuwa chini akaniangalia mimi, akacheka, akamrudishia.

Tarehe 16 Aprili 1955 alifunga ndoa hapa Nyeri na Tryphosa Khavere, fundi cherehani wa Majengo, ambaye wa kwanza kumwona kanisani nilikuwa mimi, na nikafanya kosa la kumwonyesha kaka. Mungu aliwajalia watoto wawili, Moffat aliyezaliwa tarehe 20 Februari 1956, na Gaudencia aliyezaliwa mwezi wa Novemba 1957, na wote wawili wana vidole virefu vya baba yao.

Mwezi wa Mei mwaka huu alianza kukohoa, akalazwa hospitali ya serikali kwa homa ya mapafu, akapata nafuu, akazidiwa tena, na Alhamisi tarehe 12 Juni 1958, asubuhi, akaaga dunia, akiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Kibali cha kuusafirisha mwili hadi nyumbani hakikupatikana kwa wakati, na wazee wamekubali alale katika udongo huu uliompenda.

Jana mchana, familia ilipoketi kupanga mazishi, sikungoja mambo ya urithi yafike siku yake. Nilisimama mbele ya wazee nikasema kwamba gitaa jeusi la kaka ni haki ya mdogo wake, na ili nisionekane mlafi, nikatoa langu la rangi ya mti liwe la Moffat, na wazee wakaafiki, na shemeji Khavere akaleta mkasi. Nilikata uzi mimi mwenyewe. Chini ya kitambaa palikuwa na jina lile lile lililo kwenye gitaa langu, kiwanda kile kile, herufi zile zile za dhahabu, na nilipolielekeza gitaa kwenye mwanga wa dirisha nikaona ufa mrefu tumboni, uliozibwa kwa gundi na kupakwa rangi nyeusi juu yake. Bwana Kanubhai, aliyekuwa amekuja na mkewe Jasumati kutupa pole, akasema polepole, "Sanduku moja, gitaa mbili. Moja nafika zima, moja nafika na ufa. Barnabas napiga zote, zima natuma kwa wewe. Nasema, Kefa akijua, yeye taona haya, tarudisha." Neno nililokuwa nimelitoa mbele ya wazee halirudi mdomoni, kwa hiyo gitaa zima ni la mtoto wa miaka miwili, na la ufa ni langu.

Leo asubuhi nimelijaribu. Linakwaruza, nyuzi zake zinagonga mbao, na sijui kwa miaka minne aliitoa wapi sauti ile. Muda wote huo nilikuwa nikilionea wivu gitaa, ningepaswa kuionea mikono, na mikono ndiyo tunayoizika leo. Nimemwomba shemeji akirudishe kitambaa mahali pake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Majengo waliopika na kukesha nasi, Waislamu kwa Wakristo, mabwana Kanubhai na Ambalal walioketi leo benchi moja, wakuu wake wa kazi, na Wamae na bendi yote, ambao nimewaona mmebandua plasta zenu kwa heshima yake, nami nawaomba mzirudishe, yeye hakupenda watu walinganishwe.

Pumzika kwa amani, kaka, maana hata leo umenitangulia, na mimi niliyebaki na gitaa lako bado sijapumzika.