Imre Vadász, Baba wa Ilona (1931–2007)

“Mama, jina la Ilona lifutwe,” Séraphin alisema, kidole juu ya karatasi ya wasifu wa marehemu. “Tangu mzee augue tumetuma barua tatu Hungaria, hata moja haikujibiwa. Watu makaburini watauliza yuko wapi.”

“Utawaambia hajafika,” Mama Thérèse alimjibu mwanawe. “Kutofika si kufa. Marehemu aliniomba mtoto wake atajwe wa kwanza, nami niliitikia. Miradie, mjukuu wangu, andika.”

Basi imeandikwa: mtoto wa kwanza wa marehemu ni Ilona.

Imre Vadász alizaliwa tarehe 11 Machi 1931 huko Makó, kusini mwa Hungaria, wanakolima vitunguu. Mjane wake anashuhudia kwamba vitunguu vya mwaka ule vilikuwa vikali hata mkunga alilia kuliko mtoto.

“Koko, that's not true,” Miradie alimpinga bibi yake kwa Kiingereza.

“Ulikuwepo? Andika.”

Alisoma madarasa manne tu. Kuchora hakufundishwa na mtu: alianza kwa mkaa kwenye ukuta wa zizi, akachapwa, akahamia ukuta wa pili. Mwaka 1953 alimwoa Erzsi, na tarehe 9 Juni 1954 wakampata Ilona. Mwishoni mwa 1956, risasi zilipolia mjini, alivuka mpaka kwa miguu, akaahidi kuwaita baada ya wiki mbili. Mpaka ukafungwa nyuma yake, na wiki mbili hizo hazikuisha. Erzsi alifariki mwaka 1971.

Hapa London alisafisha mabasi miaka thelathini. Akitoka kazini alichonga, na alichora vibao vya maduka ya Tottenham. Samaki aliyemchorea Muhiddin, muuza samaki, mwaka 1996, paka wa mtaa walimlinda siku tatu wakingoja ashuke. Ndipo alipopita Mama Thérèse, mkimbizi wa kutoka Bukavu, ametoka kufagia ofisi za watu. Alisimama chini ya ngazi akasema samaki huyo hana miiba mgongoni. Imre alishuka, akampa brashi.

“Iweke wewe.”

Akaiweka. Walifunga ndoa tarehe 18 Aprili 1998.

Kazi yake kubwa hakuiuza kamwe. Mwaka 1957 aliokota gogo kwenye nyumba iliyobomolewa, akachonga humo kichwa cha Ilona. Kila tarehe 9 Juni alimwongezea mwaka mmoja: anapunguza shavu, anatia mkunjo. Picha hakuwa nayo, alikisia. Na kwa kuwa patasi hupunguza tu, kichwa kilichoanza na ukubwa wa ndoo leo kinaenea kiganjani.

“Mtoto wako anakua huku anapungua,” mkewe alimwambia.

“Na wewe je? Ulipofika hapa ulikuwa mrefu.”

Mapafu yalianza kumsumbua Oktoba 2005. Juni iliyofuata mkono ulishindwa kushika patasi, hivyo mkunjo wa mwaka ule, kando ya jicho la kushoto, aliuchonga Mama Thérèse. Imre aliukagua akasema umezidi. Aliaga dunia hospitalini tarehe 4 Februari 2007, saa nne asubuhi, kichwa kile kikiwa mkononi mwake. Anazikwa Jumamosi, tarehe 17 Februari.

Ameacha mtoto wake Ilona, mjane wake Thérèse, mwanawe wa kulea Séraphin na mjukuu Miradie.

“Mama, basi Ilona awe wa mwi—”

Mlango uligongwa. Miradie akafungua. Mwanamke wa makamo aliingia na sanduku la safari, akihema kwa ngazi za ghorofa nne, barua ya tatu mkononi, na hakujua lugha ya mtu yeyote mle ndani.

Mama Thérèse alichukua kile kichwa mezani, akakisogeza karibu na uso wa mgeni, akatazama kichwa, kisha uso, bila haraka. Pua Imre aliikosea. Masikio aliyapata. Na ule mkunjo uliozidi, kando ya jicho la kushoto, ulikuwa mahali pake.

Séraphin alivuta kiti, akamwekea mgeni.

Imre, lala sasa. Amefika.