Kufuli ya Tarehe Ishirini na Saba

Tarehe ishirini na saba Januari, katika bisi ya kushuka mjini, jirani yangu wa kiti alikuwa akisoma kwa sauti, kwenye simu yake, matukio ya tarehe hiyo miaka ya nyuma, kama padri ambaye hakuna aliyemwomba misa.

"Leo ni siku mubaya, mama," alimwambia mwanamke aliyepakata vitenge. "Lagos, mabomu ililipuka. Brezili, watu waliungua mu disko. Na soko yetu ya hapa iliungua, mwaka uleule wa Brezili. Alafu we unafungua duka leo? Ngoja kesho."

"Apana. Soma kwanza ya kesho."

Akasoma. Kidole kikasimama. "Kesho... ile roketi ya Waamerika ililipuka. Watu saba."

"Unaona? Tarehe haina kiberiti." Mama akatoa mkobani kufuli nyeusi kama mkaa. "Kibanda yangu iliungua mule sokoni. Hii nilitoa mu majivu. Leo inaenda ku mulango mupya."

Kama bado inafunga, sikuthubutu kuuliza.

"Na moto ikirudia, mama?"

Bisi ikasimama Asiatique, mtaa wa maduka. Mama akabeba vitenge vyake, akatukanyaga sote wawili bila kuomba radhi.

"Itanikuta nimefungua," alisema, akashuka.