Kamera Mbili Kuukuu

Treni ilijikokota mvuani. Mkunga aliyetoka zamu alikuwa kati ya ndoto na macho, akiwasikia abiria wawili wasiojuana wakibishana mbele yake kamera ya nani ni bora. Kila mmoja alipakata kamera kuukuu, zile za wanaoanza kujifunza.

"Yangu nzito, mwanangu, lakini ngozi ya mtu inatoka pichani na uhai wake," alisema mzee mpiga picha.

"Yangu inawahi, baba," binti akajibu. "Mama anaumwa. Siku hizi hacheki ila mara moja moja, tena kidogo. Nikichelewa, kicheko kimekwenda."

Usingizi wa mkunga ukaaga wenyewe.

"Sawa, inawahi," mzee akasema taratibu, "lakini rangi zake..."

Treni ikasimama. Binti akashuka mbio, kamera kifuani.

Mzee akachungulia dirishani, akaita, "Mkalishe penye mwanga!"