Ildephonse Kalunga, Aliyeitwa Meya wa Harmon Creek

Mheshimiwa Padri, ndugu wa ukoo wa Kalunga, majirani wa Cato Manor, wafanyakazi wa ghala la Mobeni, walinzi wa magari wa South Beach, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu Jumamosi hii ya tarehe 18 Oktoba 2025, nasimama mbele yenu mimi Zénon Kalunga, mdogo wa baba yake marehemu, kwa kuwa katika nyumba yetu hapa Durban hakuna mkubwa mwingine aliyebaki wa kuisoma historia hii, nami nitaisoma kama ilivyokuwa.

Marehemu Ildephonse Kalunga alizaliwa siku ya Jumamosi, tarehe 19 Machi 1966, katika hospitali ya misheni ya Kalemie, mji wa kando ya Ziwa Tanganyika ambao wazee wake walikuwa bado wanauita Albertville. Baba yake, marehemu Cyprian, alikuwa fundi wa injini za treni, na mama yake, marehemu Estella, alikuwa mshonaji wa nguo za maharusi. Alikuwa mtoto wa kwanza, na ndiye peke yake aliyekua, kwa kuwa wadogo zake wawili walifariki wakiwa wachanga.

Alilelewa katika kota za wafanyakazi wa reli, mahali ambapo king'ora cha kiwanda cha nguo kiliamsha mji mzima saa kumi na mbili kasoro robo, ambapo kila nyumba ilijua jirani amepika nini, na ambapo Jumapili baada ya misa meza zilitolewa nje, mama Estella akiwa wa mwisho kukaa na wa kwanza kuinuka. Marehemu alikuwa akisema kwamba hakuomba maisha mengine zaidi ya hayo, yaani meza moja, watu wake wote wameizunguka, na kazi ya kwenda Jumatatu.

Elimu ya msingi aliipata kwa mapadri kuanzia Septemba 1972 hadi Juni 1978, na elimu ya sekondari papo hapo Kalemie hadi Julai 1984, alipopata diploma ya taifa. Tarehe 3 Februari 1986 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo kama msaidizi wa fundi wa mitambo, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi. Tarehe 24 Julai 1993 alifunga ndoa takatifu na Marie-Louise, binti wa mwalimu, na Mungu akawajalia watoto watatu, Carmel aliyezaliwa Kalemie tarehe 8 Januari 1995, Serge aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Lugufu, Tanzania, tarehe 5 Mei 1999, na Rhoda, kitindamimba, aliyezaliwa hapa Durban tarehe 17 Novemba 2006.

Kutoka kuzaliwa kwa mmoja hadi mwingine mtaona safari yenyewe. Vita vilipofika Kalemie, mwezi Agosti 1998, tulivuka ziwa hadi Kigoma, tukakaa Lugufu karibu miaka sita, na tarehe 12 Juni 2004 tukaingia Durban watu sita, yaani marehemu, mkewe, watoto wawili, mama Estella na mimi. Alianza kwa kulinda magari South Beach, chini ya yale maghorofa marefu, akiwa amevaa kizibao cha njano. Mwezi Mei 2008 wageni wengi walifukuzwa vyumbani mwao, nasi pia, mali yetu ikaporwa, na mama Estella akavunjwa mkono. Ni baada ya hapo ndipo familia ilipoandikishwa kwa ajili ya kuhamishiwa Amerika, na baada ya mahojiano na vipimo vya daktari tulipewa habari kwamba marehemu, mkewe, watoto na mama yake wangepokelewa katika mji mdogo uitwao Harmon Creek, jimbo la Iowa, na kwamba ndege yao ilikuwa ya Jumanne, tarehe 21 Septemba 2010.

Mama Estella alifariki siku ya Jumapili, tarehe 29 Agosti 2010.

Ndugu zangu, mnaijua desturi yetu, kwamba mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayekaa kwenye mkeka wa matanga, na haondoki mahali alipozikwa mzazi wake mpaka siku ya arobaini, chakula kitakapopikwa na mkeka kukunjwa. Siku ya arobaini ilikuwa iangukie tarehe 8 Oktoba, ndege ikiwa imeshaondoka. Katika chumba tulichokuwa tukiishi Cato Manor, mbele ya wakubwa, Marie-Louise alimwomba mumewe kwa maneno ambayo wengi wenu mliyasikia.

“Baba Carmel, mama amekwisha kufa, haendi kutuchunga tena. Tuende wote.”

“Siku makumi ine tu, Mama Carmel. Weye tangulia na watoto, miye nitafuata.”

“Na kama wanafunga mlango?”

“Amerika si duka, mama, eti itafunga saa kumi na moja.”

Watu walicheka, hata yeye Marie-Louise alicheka kidogo huku analia. Tarehe 21 Septemba mke na watoto walipanda ndege. Marehemu alirudi kwenye mkeka, akakaa arobaini yake hadi mwisho kwa heshima yote, na mkeka ulipokunjwa akaenda kuomba tarehe mpya, akajibiwa kwamba muda wa vipimo vyake vya daktari umekwisha, na kwamba faili lake litaanza upya.

Lilianza upya mara nne. Marie-Louise alipopata uraia na kumwombea kama mume wake, alitakiwa cheti cha ndoa cha serikali, ambacho hakikuwahi kuwapo, kwa kuwa ndoa ilifungwa kanisani na kumbukumbu za parokia ziliungua wakati wa vita. Marehemu alihojiwa tena mwaka 2016, na mwanzoni mwa 2017 safari za wakimbizi zikasimamishwa, zilipofunguliwa ukaja ugonjwa wa korona, na ulipopita, vipimo vilikuwa vimekwisha muda kwa mara nyingine.

Katika miaka hiyo yote marehemu aliishi Durban kwa mwili, na kwa kila kitu kingine aliishi Harmon Creek. Kila Jumapili saa tisa alasiri alipiga simu, huko kwao ikiwa asubuhi kabla ya kanisa, na simu ilizungushwa nyumba nzima, akaonyeshwa sufuria, akaonyeshwa viatu vya Rhoda, akaonyeshwa dirisha ili aone hali ya hewa. Aliijua ile nyumba ya mbao ya rangi ya manjano kwenye mtaa wa Cedar, aliujua ubao wa tatu wa baraza uliokuwa unalia ukikanyagwa, na ndiye aliyemwambia Serge, kwa simu, aupigilie misumari. Aliwajua majirani, hasa bibi mmoja mjane aliyeitwa Dorothy, ambaye majira ya baridi ya kwanza aliwapelekea watoto makoti ya wajukuu zake na mkate mtamu wa maboga, na bibi huyo alipofariki, mwezi Machi 2014, marehemu, ambaye tangu 2012 alikuwa ameajiriwa katika ghala la Mobeni na kulinda magari South Beach siku za Jumamosi tu, aliomba ruhusa kazini kwa sababu ya msiba wa jirani, akapewa.

Ndiyo asili ya jina Meya. Alipewa jina hilo na Boniface, Mtanzania wa Kigoma, ambaye hadi leo anauza chipsi na soda pale South Beach, na ambaye kila asubuhi ya zamu alikuwa akimpigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara.

“Meya! Hali ya mji wako vipi leo?”

“Theluji, bwana, mpaka dirishani! Hata mbwa hatoki!”

“Mbona wewe hapa unavuja jasho kama bomba?”

“Meya iko safarini, Boniface. Atarudi kwake.”

Aliwaeleza walinzi wenzake kwamba mji wake una robot moja tu, yaani taa moja ya barabarani, na kwamba hata hiyo watu wanaipungia mkono kama jirani. Aliwaeleza maandamano ya mwezi wa saba, matrekta yakipambwa kwa bendera, na watoto wakitupiwa peremende. Aliwaeleza Ijumaa ambazo mji wote ulikwenda uwanjani kumwangalia Serge akicheza mpira wao wa kubeba mikononi, na Krismasi ya 2013 ambapo Rhoda alikuwa malaika kanisani na bawa moja likaanguka. Mtu aliyemsikiliza asingejua kwamba hakuwahi kukanyaga huko.

Siku ya Jumamosi, tarehe 19 Juni 2021, Carmel aliolewa na kijana wa familia ya wakulima. Marehemu alivaa suti, majirani walijaa chumbani, simu ikaegemezwa kwenye kopo la sukari, na mchungaji wa huko alipouliza ni nani anayemtoa binti huyu, marehemu alisimama hapa Cato Manor, akasema kwa sauti, “Ni miye, baba yake,” na sisi sote tuliokuwa chumbani tukasimama pamoja naye. Usiku ule hakula.

Mji nao ulizeeka, kama miji inavyozeeka. Kiwanda cha nyama alichofanyia kazi Marie-Louise kilifungwa mwezi Mei 2022, duka la vifaa likafuata, shule ikaunganishwa na ya mji mwingine, na nyumba mbili za mtaa wa Cedar zikabaki tupu. Carmel alihamia kwa mumewe, Serge akahamia jijini kutafuta kazi, na Rhoda akaenda chuo. Marie-Louise, aliyepatwa na ugonjwa wa figo tangu Novemba 2021, na ambaye kwa sababu ya matibabu ya mara tatu kwa wiki hawezi kusafiri, alibaki peke yake katika nyumba ile. Jumapili simu haikuzungushwa tena nyumba nzima. Iliwekwa mezani, na wawili hao wakanywa chai pamoja.

Mwezi Desemba 2024 marehemu alipewa tarehe ya safari, Jumanne, tarehe 4 Februari 2025. Alimwambia mkewe, “Mama Carmel, nakuya kukuchunga,” naye akajibu, “Kuya na miguu yako, maneno nimechoka nayo.” Ijumaa, tarehe 17 Januari, aliacha kazi Mobeni baada ya miaka kumi na mitatu, wenzake wakamchangia koti zito la baridi, wakamvalisha pale pale ghalani katika joto la Januari na kumpiga picha. Kabla ya siku kumi kupita, safari zote za wakimbizi zilikuwa zimesimamishwa. Alirudi Mobeni, nafasi yake ilikuwa imejazwa, akarudi South Beach na kizibao cha njano, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane. Boniface anasema kwamba tangu siku hiyo hakumwita tena Meya, mpaka marehemu mwenyewe alipomjia na kumwuliza, “Eish, sasa umenipindua?”

Maumivu ya tumbo yalianza mwezi Aprili, na tarehe 11 Juni 2025 madaktari walitueleza kwamba ni saratani ya tumbo, na imeshafika kwenye ini. Alilazwa mara tatu. Serge, ambaye baba yake alimwona kwa mara ya mwisho uwanja wa ndege akiwa na miaka kumi na mmoja, alifika wodini Jumamosi iliyopita, tarehe 11 Oktoba. Marehemu alimwangalia kutoka kichwani hadi miguuni, akasema, “Kumbe nje ya simu uko mrefu hivi!” Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho ya mzaha.

Siku ya Jumatatu alituita karibu, Serge na mimi. Alijua kwamba Serge ni mtoto wake wa kwanza wa kiume, kwamba tiketi yake ya kurudi ni ya Alhamisi, tarehe 23 Oktoba, na kwamba huko alikotoka, mke wa Serge yuko katika mwezi wa kujifungua. Alisema hataki mkeka. Alisema azikwe, watu wale, na jambo liishe siku hiyo hiyo. Nilimjibu, kama inavyonipasa, kwamba hilo halijawahi kufanyika katika nyumba ya Kalunga, na kwamba baba yake na mama yake wote walikaliwa siku zao. Alinishika mkono.

“Baba mdogo, miye nilikaa siku makumi ine. Zikakuwa miaka kumi na tano. Muache huyu mtoto aende.”

Alifariki kesho yake, Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, saa nane na dakika kumi mchana, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, Serge akiwa amemshika mabega. Ameacha mjane, watoto watatu, na mjukuu ambaye bado hajazaliwa.

Kwa niaba ya ukoo nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumwuliza ametoka wapi, majirani wa Cato Manor waliopika na kufua kwa miezi minne, wafanyakazi wa Mobeni walioleta jeneza, walinzi wa South Beach ambao leo wamekuja na vizibao vyao, Boniface aliyefunga meza yake tangu Jumanne, na kwaya. Namshukuru Marie-Louise, ambaye anatusikia kwa simu iliyo mkononi mwa Serge, kwa kumngojea mume.

Nimebakiwa na neno moja, na jana jioni wazee wenzangu walinikatalia nisiliseme, lakini mimi ndiye mkubwa wa nyumba hii, na lawama ni yangu. Mkeka wa Ildephonse hautatandikwa. Tukitoka makaburini tutakula, na baada ya kula matanga yamekwisha. Serge, mjukuu wangu, Alhamisi utapanda ndege, wala hutageuka nyuma kutuaga mara mbili. Ukifika, usiende kwanza kwako, nenda mtaa wa Cedar, ukae mezani na mama yako.

Nawe Ildephonse, mwana wa Cyprian na Estella, umengoja vya kutosha. Pumzika sasa, na amani iwe nawe.