Siku Niliyomtoa Yusufu Shimoni

Ndugu zangu, kabla sijasema lolote, namwomba mwenzangu, mama watoto, aliyekaa benchi la tatu, afungue Kitabu, pale kwenye Mwanzo. Mtajua baadaye kwa nini.

Mie kwetu kusini, ila Temeke nimekaa miaka mingi, na kazi yangu ni ukarani wa ghala kule bandarini. Kusoma nilifundishwa na misheni. Mtaani kwetu wasomaji tulikuwa wachache, kwa hiyo gazeti likifika barazani kwa kinyozi, jirani yetu, msomaji ni mie. Watu wamekaa, mwingine povu la sabuni kidevuni, wananisubiri. Nasoma kesi za mahakamani, barua za wagombanao, habari za mumiani wanaosemwa kunyonya damu za watu. Nawaambieni, kusikilizwa na baraza zima ni kutamu.

Nikaanza kutia chumvi. Gazeti likisema bwana mmoja wa Msasani kagombana na mkewe, mie nasema kavunja na sahani. Wakicheka, kesho navunja na mtungi. Nilikuwa najiuliza, hivi maneno haya yanatoka wapi, maana sikuyapanga. Hata leo najiuliza.

Sasa, nyumbani tulikuwa na desturi. Mke wangu hakujua kusoma. Nikitoka kazini, yeye anachambua mchele, namsomea sura moja ya Biblia, ndipo naenda barazani. Lakini moyo ulikuwa umeshatangulia kwa kinyozi. Kwanza nikawa naruka mistari. Hakugundua. Kisha nikaruka nusu sura. Siku moja tumefika kwa Yusufu, ndugu zake wamemtia shimoni, na huko nje naitwa, kuna kesi mpya ya mtu mwenye mke huku na mke mwingine Gongo la Mboto, wala hawajuani. Nikatazama sura, ndefu. Macho yangu yako kwenye Kitabu, mdomo ukasema, "Jioni ile ndugu zake wakamwonea huruma, wakamtoa, wakamrudisha kwa baba yake."

Mke wangu akaacha mchele. Akasema, "Mungu ashukuriwe," na machozi yakamtoka. Sikuuliza analia nini, nilikuwa nimeshavaa viatu. Kesho yake nikaanza kitabu cha Kutoka.

Miezi ikapita. Kuomba kukawa kugumu. Nikipiga magoti nasikia vicheko vya barazani, nasahau nilichotaka kusema. Wakati huohuo mama mmoja hapa kanisani alifungua darasa la kusoma la wanawake, na mke wangu akawa anakwenda bila kuniambia. Alitaka kunishangaza. Jumamosi moja mchana napiga pasi shati langu, akaja na Kitabu, kidole kwenye mstari. Hakuwa na hasira. Alitaka kujua tu.

"Baba watoto, hapa wamemuuza."

"Nani?"

"Yusufu. Wamemuuza kwa wasafiri, kapelekwa Misri. Ule mstari wa kumrudisha kwao jioni uko wapi? Nimeutafuta tangu juzi."

Nikaanza kutafuta uongo mwingine. Akaniwahi. "Maana kila siku namwombea mwanetu kwa mstari ule."

Mwanetu wa kwanza, wengi mnajua, alikwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, na ulikuwa mwaka wa pili hatujapata barua. Kumbe mama yake alikuwa akisema, Mungu, wewe uliyemrudisha Yusufu jioni ileile, nirudishie na wangu. Ndugu zangu, niliona aibu, nikaiweka pasi chini. Nikamweleza kweli yote. Akasema, "Basi sasa sijui niombe kwa lipi."

Nikaenda kwa kinyozi kumwambia sitasoma tena. Yeye ni Mwislamu, mtu wa dini yake. Akanisikiliza, akasema, "Mie nikisikia adhana naweka mkasi chini, hata kama kichwa cha mtu kiko nusu. Hicho Kitabu chako hakina saa yake?" Akanipa sharti: nisiguse gazeti kabla sijamaliza ya nyumbani, na nikisoma, nisome kilichoandikwa. Habari za mumiani tukaziacha kabisa, zilikuwa zinatutia hofu ya bure.

Nyumbani msomaji akawa mke wangu. Silabi moja moja. Mwanzoni nilitamani kumnyang'anya Kitabu, maana pale nilipokuwa naruka, yeye anagusa kila neno. Sura zile zilituchukua mpaka mvua za vuli. Siku tuliyofika pale Yusufu alipokutana na baba yake, mke wangu aliurudia mstari mara tatu, akasema, "Kumbe alimpata, ila ilichukua miaka." Na kuomba kukanirudia polepole, wala siijui siku yenyewe.

Namshukuru mama wa darasa. Namshukuru jirani yangu na mkasi wake. Mwenzangu nitamshukuru nyumbani. Sisemi mchome magazeti au mzime redio za watu, gazeti la jana mie ninalo. Nasema angalieni kinachoingia kwanza, maana ndicho kitakachotoka mdomoni siku mna haraka.

Mwanetu bado hajarudi. Tunaendelea kumwombea, sasa kwa maneno yaliyoandikwa. Naomba niwasomee mistari ile ya shimoni, kama ilivyo. Mwenzangu, weka kidole. Nikiruka hata neno moja, nisimamishe.